Vyombo vya Shughuli Mwaka wa Kura

Ulikuwa mwaka wa wali mkavu. Tulipika kwa maji na chumvi, tukala na dagaa, kwa sababu minazi yote ya kiambo chetu ilikuwa ya watu wa chama chao, na baba alisema nazi yao haiingii chunguni kwake. Wao nazi walikuwa nazo, lakini mkate hawana, maana tanuri lilikuwa la mjomba wangu na mjomba wangu alikuwa wa chama chetu. Basi mchana ukipita nyuma ya nyumba zao unasikia tui linachemka, mate yanakujaa, unarudi kwenu kutafuna wali unaokwama kooni kama mchanga. Asubuhi zamu yao: boflo zinatoka tanurini, zinanukia mpaka chooni, na wao wanakunywa chai tupu. Kiambo kizima kilikonda kwa kujitakia. Wakubwa waliita siasa. Mimi niliita njaa.

Tarehe msiniulize. Chuoni nilihitimu Kurani, skuli niliishia darasa la tatu, nikaambiwa mtoto wa kike imemtosha. Haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye meza ya jikoni ya binti yangu Rukia hapa Gulfton, Houston, Marekani, na anayeona herufi zangu zimelala aziinue yeye. Nawaandikia wenzangu wa rika langu, mlioletwa huku na watoto wenu kama mimi, mkawekwa kwenye fleti kulea wajukuu. Wajukuu wangu naongea nao Kiswahili wananijibu Kiingereza, na wote tunaelewana, na wote wana afya, mashallah, wamekula mkononi mwangu. Najivuna, ndiyo. Anayekereka avumilie.

Kilichonirudisha kule ni harufu. Juzi nilikuwa nasugua sufuria kubwa kwa ndimu na majivu, bafuni, maana kwenye sinki la jikoni haliingii, na ile harufu ikanipanda puani nikajiona mtoto, nimechuchumaa uani na mama yangu. Sufuria lenyewe ndilo lililoponza nyumba. Mwanangu mkubwa, Suleiman, alikuja kutoka Lewisville, huko Dallas, akataka nimsemee neno moja tu mlangoni kuhusu sufuria hilo. Nikakataa. Sasa watu wa Houston na Dallas wanasema nimemvunjia mwanangu heshima mbele za rafiki zake. Wanaosema hawaujui mwaka wa wali mkavu. Nitawaambia.

Siku zile vyombo vya shughuli vya kiambo kizima vilikaa kwetu. Sufuria tatu za shaba, kubwa hata nikiingia ndani nakaa nikafichika. Masinia. Miko mirefu kunishinda kimo. Havikuwa vya mama. Walivinunua wanawake wa kiambo zamani, kila mmoja kwa alichopata, wakamkabidhi mama kwa sababu ana mkono safi na hana maneno. Harusi, hitma, akika, vyote vilipikwa humo. Na kuviazima kulikuwa na dasturi yake. Mwenye shughuli haji mwenyewe kuazima. Anamtuma mtoto wa kike na kata ya kitambaa kichwani, ile ya kuwekea mzigo, kata tupu, na mtoto hasemi kitu. Ukiona kata mlangoni umeshajua. Unaanza kumpakia masinia, sufuria wanafuata kubeba wakubwa. Na sufuria hairudi tupu. Ndani inakuja na ukoko wa shughuli ile, umefunikwa jani la mgomba, haki ya watoto wa nyumba inayotunza vyombo. Mimi sikuhitaji kuambiwa nani kaoa wala nani kafa. Nilijua kwa ukoko. Wa harusi una zabibu.

Mwaka ule ukoko ulikatika.

Jirani yetu wa mbele, nyumba kwa nyumba, alikuwa Bi Time, na mwanawe Mize alikuwa shoga yangu. Tulikuwa tunasukana, tunalala jamvi moja, tunapigwa na mwalimu mmoja. Bi Time ndiye aliyekuwa bingwa wa moto kiambo kizima. Pilau ya watu mia akiisimamia yeye haina kiini wala haina mkaa. Na mkwewe, bibi yake Mize, Bi Kombo, ndiye aliyeninyoa nywele zangu za kuzaliwa. Mchana mmoja Bi Kombo alinituma tumbaku, na kesho yake baba akasema kwa mama, mbele yangu, akiwa anavaa viatu: "Nyumba ile kuanzia leo hakuna salamu. Hakuna moto, hakuna chumvi, hakuna maji. Umesikia?"

Mama akasema: "Nimesikia."

"Na huyu mtoto umwambie."

"Yupo hapa. Kasikia."

Sasa nisikilizeni akili ya mtoto. Kabla ya hapo, nyumba moja ya mwisho wa kiambo iliingia ndui. Ilifanywa vile vile. Hakuna salamu, hakuna moto, hakuna chumvi, na kikombe alichonywea mtu wa nyumba ile kilivunjwa jiweni. Mimi nikajumlisha. Nikasema moyoni, kwa Bi Time kumeingia ndui, na wakubwa wanaficha. Kila nilichoona baada ya hapo kilinithibitishia. Mjomba alimwona mtu wa kwao anapita, akatema mate. Mwanamke wa chama chetu alimwaga maji aliyoteka kwa sababu ndoo ya mtu wa kwao iligusa kamba. Chuoni tulitenganishwa, sisi mkeka huu, wao mkeka ule, na mwalimu akawa anasomesha kageukia ukutani asionekane kapendelea. Mimi nilikaa ukingoni mwa mkeka wetu nikawa namkagua Mize shingo. Shingo, viwiko, nyuma ya masikio. Sikuona kipele. Nikaona basi iko ndani, inapika.

Mize naye ananiangalia vile vile. Sijui yeye alikuwa anatafuta nini kwangu.

Karibu na siku ya kura Bi Kombo akafa. Alikufa asubuhi, kwa uzee wake, tulisikia kilio cha Bi Time kimevuka njia kikaingia kwetu bila kubisha. Mama alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama. Akainuka, akachukua kanga, akafika mlangoni, akamkuta baba yuko barazani na wenzake wa chama, wanakunywa kahawa. Baba hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya kuongea na kikombe: "Unakwenda wapi?"

Mama akarudi akakaa. Akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Mimi nikasema moyoni, wala si kwa huzuni, nikasema kwa uhakika: ndui imeshaua mmoja.

Haikupita muda, mlangoni akasimama Mize na kata kichwani. Macho yamevimba. Kapita mbele ya wale wanaume wote barazani, mmoja kaweka kikombe chini aone vizuri. Dasturi ni kutosema kitu, na Mize hakusema kitu. Alisimama tu, mikono ubavuni, kata ya kanga ya bibi yake kichwani, ile ya rangi ya zambarau niliyoijua.

Mama akaenda mlangoni. Mimi nikamfuata, nikashika nguo yake. Nje, baba kageuza shingo. Mama akamwangalia Mize, akamwangalia baba, akasema: "Vyombo vimetoka, mwanangu."

Vyombo vilikuwa nyuma yake. Sufuria tatu zimefunikwa ukutani, zinang'aa, mtu yeyote aliyesimama pale anaziona, na Mize alikuwa anaziangalia. Mimi nilifikiri mama kasahau. Mtu mzima husahau. Nikamvuta nguo nikasema, kwa sauti yangu yote ya kusomea: "Mama, si hivi hapa?"

Barazani mmoja akacheka. Baba hakucheka. Mama hakunipiga, hakunigeukia. Alibaki vile vile, mkono kwenye mwimo wa mlango. Mize akaivua kata kichwani. Akaifungua, ikawa kanga tena, akajifunika nayo, akarudi kwao. Hakukimbia. Ningependa angekimbia.

Hitma ya Bi Kombo ilipikwa kwenye madebe ya mafuta ya taa. Waliyachoma kwanza kutoa harufu na harufu haikutoka. Upepo ulituletea ule wali, una nazi na una mafuta ya taa, na watu wa chama chetu wakacheka wakasema wenzetu leo wanakula taa. Maiti ilichukuliwa na wanaume wachache, wanabadilishana mabega haraka haraka kwa sababu hawatoshi. Upande wetu wa njia milango ilifungwa. Mwanamke aliyetunyoa nywele sote, nusu ya vichwa vya kiambo kile, alipita baina ya milango iliyofungwa.

Jioni nikamuuliza mama: "Sisi vipele vitatutoka lini?"

"Vipele vya nini?"

"Vya ndui. Si Mize kaja mpaka mlangoni?"

Mama aliniangalia mpaka nikaogopa. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kwa tumbo, akajifunika uso kwa kanga, na kanga ikalowa. Akasema: "Afadhali ingekuwa ndui. Ndui inaisha."

Siku ya kura alinichukua. Mstari ulianza kabla jua halijatoka, umezunguka skuli, askari wa kaptula wanapita na fimbo. Hapo hukuchagua jirani, walikupanga walivyokupanga, na mama akapangwa nyuma ya Bi Time. Asubuhi nzima mama anatazama kisogo cha Bi Time. Nywele alizomsuka mwenyewe miaka yote. Bi Time alikuwa na mwavuli mweusi. Jua lilipopanda, kivuli cha mwavuli kikawa kinarudi nyuma kidogo kidogo, kikamfika mama usoni, kikanifika mimi. Nilikuwa nimechoka, nikaegemea kile kivuli kama ukuta. Bi Time akageuza jicho, akaona kivuli chake kinatufunika. Akaufunga mwavuli. Akaukunja, akaufunga na kifungo chake, akasimama juani na sisi, jasho linamtiririka shingoni mpaka kwenye buibui, na hakuufungua tena mpaka tunaingia ndani.

Watu mnaosema sisi wa visiwani ni wapole, mimi hamniambii kitu. Nimeuona mwavuli ule ukifungwa.

Chama chetu kilishinda. Sijui kilishinda nini. Mshahara haukuja, barabara haikuja, nazi ndiyo kabisa. Kilichokuja ni ngoma, na ng'ombe wawili, na sufuria zote tatu zikatolewa nje kwa shangwe. Zikapikwa pilau za ushindi. Lakini moto nani auangalie? Bingwa wa moto alikuwa ndani kwake kafunga dirisha. Mke wa mjomba alijitia anajua. Pilau ya ushindi ilikuwa mkaa chini, katikati uji, juu mchele. Wanaume wakala wakasifu. Baba alikula akasifu kuliko wote, nikaona anavyomeza. Mama alipewa sahani akaishika mpaka ikapoa.

Ndipo ikaja siku ambayo naikumbuka kuliko kura, kuliko maziko. Mvua zilikuwa zimekwisha, siasa imelala kidogo. Asubuhi mlango ukabishwa, mama akafungua. Wanawake wamesimama nje. Bi Time yupo. Mke wa mjomba yupo. Wa chama chetu na wa chama chao, bega kwa bega, watu ambao hawakusalimiana tangu wali ulipokuwa mkavu. Nilifurahi. Nilifikiri yamekwisha, wamekuja kupatana, nikamtafuta Mize nyuma yao.

Mke wa mjomba ndiye aliyesema, na alisema akiangalia sakafu: "Wifi, tumekuja kuchukua vyombo. Vitakaa kwengine."

Mama akauliza: "Nimevipoteza?"

"Hujavipoteza."

"Nimevichafua?"

Bi Time akaingia. Akapita pembeni ya mama bila kumgusa, akainamia sufuria ya kwanza, mke wa mjomba akashika mkono wa pili wa sufuria, wakaibeba pamoja. Jambo la kwanza walilokubaliana wanawake wa kiambo chetu baada ya kura ni kwamba vyombo visikae kwa mama yangu. Maana aliyemnyima Bi Kombo leo, kesho atamnyima nani? Hata wa chama chetu, waliofunga milango, walijua hivyo. Wao walifunga milango yao. Mama alifunga mlango wa watu wote.

Baba aliporudi akaona ukuta uko wazi. Akasema: "Afadhali. Nyumba imepata nafasi."

Mama kila asubuhi aliifagia nafasi ile. Sakafu ilikuwa na duara tatu, pale sufuria zilipokaa miaka, na alikuwa anafagia kwa kuzizunguka, hakanyagi ndani, kama bado zipo. Mimi nikiwa na mume na watoto wangu nilirudi kumwangalia, nikamkuta bado anazunguka. Alikufa hajaingia ndani ya zile duara. Baba alikufa nyuma yake, na watu walikuja kumzika, wengi, kwa sababu chama chake kilikuwa na gari. Mize na watu wake walihamia kaskazini. Sikuonana naye tena. Na sina la kuongeza kuhusu baba yangu. Alinilisha. Hayo yamekwisha.

Sasa njooni Houston.

Hapa vyombo viko kwangu. Sikuviomba. Wanawake wa visiwani tulipokuwa wengi kidogo, tukachangishana, tukanunua kwenye duka la Wameksiko sufuria la kupikia tamali, ile mikate yao ya mahindi, zito, na mwenziwe, na jiko la gesi la kupikia nje. Wakasema Bibi ndiye atunze. Nikaviweka kwenye kabati la makoti, maana nani anavaa koti Houston. Harusi, akika, hitma, hata Wakongo wa ghorofa ya chini wakiwa na ibada yao huja kuazima, nawapa, wanarudisha na sombe, kisamvu chao, ndani. Hakuna aliyewafundisha. Mwenye adabu hafundishwi.

Mwaka huu kule kwetu kukawa na kura tena, na hapa watu wakaingia wazimu. Mtu anabeba maboksi ghalani Mesquite, mguu hajautia kisiwani miaka kumi, kura hana, na anagombana mpaka mishipa inamtoka. Idi ikaswaliwa mara mbili, bustani mbili, kila chama na yake. Suleiman wangu akawa mwenyekiti wa tawi la chama huko Dallas. Mwanangu ni mtu mzuri, nitamsema mimi, ninyi msimseme. Analipa kodi yake, watoto wake wanne huniletea likizo nzima ya joto, nawakogesha, nawasomesha Alhamdu, nyumba inanuka watoto. Lakini simu ikilia ni chama. Ananipigia kuniuliza hali, kabla sijajibu anaanza chama.

Hapo akafa Bi Riziki, mke wa Mzee Omari, wa chama chao. Wanakaa barabara ya pili kutoka kwetu. Sitawadanganya, simpendi yule mwanamke. Alisema pilau yangu ina mafuta. Alisema mbele za watu wanangu wamepata makaratasi ya kukaa huku kwa uongo. Mumewe alimwita Suleiman kibaraka kwenye harusi ya watu. Na kufa kwake hakukunibadilisha, niliposikia nilisema innalillahi kwa sababu ni wajibu, na moyo haukusema kitu.

Simu ya Nassra, binti wa marehemu, ikaja asubuhi. Mtoto mstaarabu, muuguzi. "Shikamoo Bibi. Nitapita baada ya Adhuhuri kuchukua vyombo." Nikamwambia marahaba, njoo. Rukia alikuwa anasikia. Rukia akampigia kaka yake. Simlaumu, ana mdomo wa kitoto hata sasa.

Suleiman akaondoka Lewisville saa hiyo hiyo. Kabla ya Adhuhuri nilimwona anaegesha gari, yeye na wenzake wawili wa tawi, mashati yamepigwa pasi. Wakaingia, wakavua viatu, wakanibusu mkono. Nikawapa chai na visheti. Wakala. Watu waliokuja kuharibu hula vizuri.

Suleiman akasema: "Mama, kuna jambo dogo."

"Dogo halitoki Lewisville."

Wenzake wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Mama, wale watu wametutukana. Wamekutukana wewe. Sasa wakija leo, uwaambie vyombo viko Dallas. Basi. Useme viko kwangu, nimevichukua kwa shughuli. Hakuna ugomvi, hakuna kelele. Watakwenda kununua chakula mgahawani. Hawafi njaa."

"Nani aliyekwambia nakhofia wasife njaa?"

"Sasa kitu gani?"

Mwenzake mmoja, mtu wa makamo mwenye ndevu za kuchonga, akaingilia: "Bibi, huu ni msimamo wa tawi. Tumekubaliana, shughuli zao hatuhudhurii wala hatusaidii. Na wao kwetu hivyo hivyo. Wewe ni mama wa mwenyekiti. Ukitoa vyombo, sisi tutasema nini kwa watu?"

Nikamuuliza: "Wewe mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, Bibi. Yuko Tanga."

"Mpigie simu umsalimie, halafu urudi kuniita mama wa mwenyekiti."

Akachukua kisheti.

Ndipo ngazi zikasikika. Gulfton mtu akipanda ngazi ghorofa nzima inajua. Rukia akachungulia dirishani akasema ni Nassra, na baba yake yuko chini kwenye pikapu. Suleiman akasimama. Akaenda akasimama mbele ya kabati la makoti, mgongo wake kwenye mlango wa kabati, mwanangu mrefu vile, mikono kaikunja kifuani. Mlango ukabishwa. Nikaenda kuufungua mimi mwenyewe, goti linaniuma, hakuna aliyeninyanyua.

Nassra alisimama nje, kajifunga mtandio mweusi, macho yamevimba. Nyuma yangu aliwaona wale wanaume, akaona shati la Suleiman mbele ya kabati. Hakuingia. Akasema polepole: "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

Suleiman akasema kwa nyuma, kwa sauti nzuri kabisa, sauti ya mikutanoni: "Mama, mwambie vyombo viko wapi."

Nilimgeukia. Nikamwambia: "Sisemi uongo mlangoni. Vyombo vipo, na mwenye msiba atavichukua."

Suleiman akageuka rangi. Akaja karibu, akaniinamia sikioni, kwa heshima, kama anayeniaga. Akasema: "Mama, sikiliza. Ukivitoa leo, watoto hawaji likizo. Nakwambia mapema usije ukalia. Hawaji mwaka huu, hawaji mwaka wa pili. Mimi si wa kuaibishwa mbele ya watu wangu na mama yangu. Sasa mwambie mtoto wa watu vyombo viko Dallas, afunge safari yake."

Nikawaona moyoni wajukuu wale wanne. Mdogo alikuwa ndio kwanza anaota upya meno ya mbele, likizo ile nilikuwa nimemuahidi kumfundisha kuchapa maandazi. Suleiman anajua nilivyo kwa wale watoto, ndiyo maana alishika pale. Mwanangu anajua kushika. Nassra yuko mlangoni, anaangalia miguu yake. Wale wawili wameacha chai. Rukia kaziba mdomo.

"Mama," akasema Suleiman, sasa kwa sauti ya kusikika na wote, "nakuuliza kwa mara ya mwisho."

Nikamwambia: "Sisemi uongo mlangoni. Vyombo vipo, na mwenye msiba atavichukua."